Majua Thelathini na Saba

Aliyekosea ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayeandika. Wengine hapa Sherikat, Juba, watakwambia kosa lilikuwa la simu, au la shirika, au la joto la mwaka huu. Wasikilize, kisha waache waende zao. Simu haina mdomo. Mdomo ni wangu, na kila mtu kuanzia darajani mpaka maegesho ya malori anaujua.

Naitwa Namutebi, ila hapa wananiita Mama Fred. Kwetu ni Masaka, Uganda. Nilisoma mpaka darasa la saba, na huu ni mwaka wa kumi na mbili napika Juba. Hoteli yangu ni mabati manne na benchi sita: posho, yaani ugali, maharage, samaki, mboga. Mboga ndizo zilizonikutanisha na Severino Lako.

Mzee Severino ni wa kabila la Wakuku, kutoka Kajo-Keji. Vita vilipowatoa kwao alikaa kambini Uganda miaka mitano, ndiyo maana Kiswahili chake kinafanana na changu: kinachechemea lakini kinafika. Kambi ilipomchosha akaja Juba kutafuta riziki. Mkewe Gune na binti yao Rejoice wakabaki nyuma kidogo, kisha wakapanda lori kwenda kijijini kuangalia kama shamba bado lipo. Lori lilisimamishwa njiani. Ilikuwa Februari. Habari hiyo alinipa mara moja tu, akiwa amesimama na fungu la mboga mkononi, na sijui kwa nini alichagua siku ile.

"Walikaa juani siku mbili, Mama Fred," alisema. "Siku mbili, ndipo tukaruhusiwa kuchukua miili yao."

Akaweka mboga mezani, akaondoka.

Hakurudi tena kwao. Alipata kipande cha ardhi kando ya mto, chini ya daraja, akalima kudra, yaani mlenda wa hapa, bamia na sukumawiki. Kila asubuhi na kila jioni alibeba madumu mawili ya maji kutoka mtoni kupandisha kwenye matuta, kwa sababu jua la Juba halina adabu; ukichelewa saa moja, mboga zinakuinamia kama watu wanaoomba msamaha. Saa tatu asubuhi alikuwa kwangu na mboga, anakunywa chai, anaondoka. Alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku. Mimi maneno matano natumia nikikohoa.

Kuna siku moja lazima niieleze, maana kama ningeitia akilini wakati ule nisingekuwa naandika haya. Ilikuwa Oktoba. Mvua ilikuja kama imetumwa. Maji yakaingia hotelini, jiko likazimika, wateja wakakimbia na sahani zangu. Nikaitukana ile mvua kwa Luganda, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha hapa, na lugha zilipoisha nikaanza upya. Nje, katikati ya matope, Mzee Severino alikuwa amesimama kichwa wazi, viganja juu, amelowa mpaka ngozi. Anatabasamu. Sijawahi kumwona na meno mengi kiasi kile.

"Mzee, ingia ndani, umepata wazimu?"

"Wewe mwanamke unatukana mvua?" akanijibu. "Kwetu mgeni akija na mvua tunasema ana mguu mzuri. Mvua ikinyesha watu wanalala na tumbo la amani."

"Kwangu mvua ikinyesha watu wanalala bila kulipa sahani."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nachota matope kwa sufuria.

Baada ya Krismasi mzee alianza kuharibika. Si kwa kishindo. Taratibu, kama dari linaloliwa na mchwa. Alikuwa anafika mlangoni kwangu, anasimama, anasahau alichokuja kufanya. Chai inapoa mbele yake mpaka inafanya ngozi. Ukimwita, anageuka baada ya muda, kama sauti imetoka ng'ambo ya mto. Katekista wa kanisani kwao akampeleka kwenye ofisi ya shirika moja kule Thongpiny, ambako kuna watu wa kusikiliza mioyo ya watu. Hapo ndipo alipoingia Janet.

Janet ni msichana wa hapahapa aliyekulia Nairobi. Kiswahili chake kinakimbia kama kimeiba. Ana moyo mzuri, hilo silikatai, na ana watu sitini wa kuwafuatilia, hilo nalo silikatai. Kwa sababu hawezi kuwaona wote sitini, shirika lilimpa simu ndogo za kugawa. Kila mtu anachagua programu moja ndani ya simu, kila siku anabonyeza moyo wake uko vipi, na kila Ijumaa picha ya wiki nzima inakwenda yenyewe ofisini. Anayeonekana vibaya anafuatwa haraka. Anayeonekana vizuri anapewa hongera na nafasi yake anapewa mwingine.

Mzee hakutaka kurudi Thongpiny, alisema viti vya kule vinazunguka. Basi wiki ya kwanza ya Februari Janet akamfuata hotelini kwangu, saa sita kasoro, saa mbaya kuliko zote, maharage yakiwa jikoni na madereva wa malori wakiwa njiani. Pale alikuwepo pia Ojok, Mwacholi wa bodaboda ambaye benchi langu amelifanya sebule yake.

"Sasa mzee, ziko tatu," Janet akasema, akaweka simu mezani. "Wewe ndio unachagua. Hii ya kwanza ni ya nyuso. Hapa anacheka, hapa ako tu, hapa analia. Unabonyeza ile unafanana nayo."

Mzee akaiinamia. Akaangalia muda mrefu zile duara tano za manjano.

"Shingo zao ziko wapi?" akauliza.

"Ni nyuso tu, mzee. Hazina shingo."

"Kichwa bila shingo kinacheka nini?"

Ojok alikuwa anataka kutania, nikamwona anafungua mdomo, kisha akaufunga. Sisi wote tulijua lile lori na vichwa vilivyoachwa barabarani. Janet akaipitisha ile programu kwa kidole, haraka.

Ya pili ilikuwa ya maneno. Imeandikwa Kiingereza na chini yake Kiarabu kwa herufi za kizungu: orodha ndefu, unachagua neno lako. Janet akasoma. Furaha. Uchovu. Hofu. Akafika kwenye zalan, neno ambalo hapa linabeba huzuni na hasira kwenye gunia moja.

Hapo Ojok akaongea, na hakuwa anatania. "Madamu, hiyo hapana. Juzi kijana kwenye kizuizi cha barabarani alichukua simu yangu, akafungua kila kitu, hata picha ya mama yangu. Sasa akikuta mzee ameandika zalan, zalan, zalan, kila siku, yeye atauliza moja tu: zalan na nani? Umekasirika na nani, mzee? Na wewe utajibu nini?"

Mzee akaisogeza simu mbali na mkono wake, kidogo tu, kama mtu anavyosogeza kikombe chenye nzi.

"Basi iko ya tatu," Janet akasema. "Hii ni ya hali ya hewa. Hakuna maneno, hakuna nyuso. Iko jua, iko wingu, iko mvua. Moyo wako leo uko aje? Unabonyeza."

Kwa mara ya kwanza mzee akasogea mbele. Akagusa jua, likawaka manjano. Akagusa mvua, vitone vya buluu vikateremka kwenye kioo, na uso wake ukalegea.

"Hii," akasema.

"Hiyo ndiyo!" nikadakia kutoka jikoni. "Nani atafungwa kwa kuandika jua? Hata akikamatwa, atasema yeye ni mtu wa redio anatangaza hali ya hewa."

Ojok akacheka, Janet akacheka. Kisha Janet akasema, na maneno haya nayasikia mpaka leo: "Sawa, mzee, sasa wacha nikuelezee kila picha maana yake ni nini..."

Maharage yalikuwa yanashika chini. Dereva wa kwanza alikuwa anapiga honi. Mimi nikamkata: "Madamu Janet, huyu ni mkulima! Wewe wa Nairobi utamfundisha mkulima jua ni nini na mvua ni nini? Nipishe meza yangu, watu wale."

Wakacheka tena. Janet akafunga mkoba wake. Mzee akaweka simu kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

Ndivyo nilivyofanya. Sentensi tatu.

Tangu siku ile alikuwa akiweka mboga mezani, anaketi, anatoa simu, anafikiri. Hakubonyeza kwa mchezo. Nimeona watu wanapiga kura kwa mawazo machache kuliko yale. Kisha kidole kinashuka, na mimi nikipita na trei nachungulia juu ya bega lake.

"Jua, mzee?"

"Jua."

"Mungu ni mwema!"

Aliniangalia. Kila mara nilipomwambia Mungu ni mwema, aliniangalia vile, na mimi kila mara nilikuwa nimeshapita.

Wiki ya pili ikanijia shaka. Nje joto lilikuwa limepanda mpaka serikali ikafunga shule, watoto wanaanguka madarasani. Nikafikiri labda mzee anaandika mbingu. Nikamuuliza wazi: "Unaandika jua la juu ama la ndani?"

Akagusa kifua kwa vidole viwili. "La hapa, Mama Fred. Kali."

Kali! Nikafurahi kwa ajili yake. Nikamwongezea maandazi mawili kwenye chai, nikasema kumbe hata huyu atapona. Maandazi hakuyagusa. Nikampa Ojok.

Wiki nne zikapita, Janet akaja. Alikuja anakimbia na karatasi iliyotoka kwenye mashine ya ofisi, kalenda ya mwezi mzima, na katika kila kisanduku jua, jua, jua, mvua moja hapa, wingu moja pale. Akaifungua mbele ya wateja wangu kama cheti cha shule.

"Mzee, ona! Jua karibu kila siku! Wewe ndio namba moja kwa wale wote sitini!" Akapiga makofi. Mimi nikapiga makofi. Madereva wa malori, ambao hawakujua hata tunapigia nini, nao wakapiga. "Hongera sana! Sasa mzee ako sawa, hahitaji mimi kumsumbua kila wiki. Simu ni yako, endelea kuandika tu, usiache."

Mzee Severino alikaa katikati ya yale makofi, mikono magotini. Akamwangalia Janet, akaniangalia mimi, akaangalia ile karatasi. Niliona kitu kinapita usoni kwake, nikadhani ni haya ya kusifiwa hadharani.

"Mmeona yote?" akauliza.

"Tumeona yote, mzee!"

"Na mmefurahi."

"Sana!"

"Asante," akasema. Akainuka, akachukua kofia yake. Chai ilibaki imejaa.

Siku ya pili yake alimpa Ojok jogoo. Jogoo mkubwa mwekundu, aliyekuwa anamwamsha. "Sina kazi naye," alimwambia. Ojok akamla Jumapili na akasifu nyama.

Siku ya nne redio yake ilikwenda kwa katekista. Nikamtania: "Mzee, umeoa msichana? Mbona unamwaga vitu kama bwana harusi?" Akatikisa kichwa. Nikamwambia kila mtu kwamba moyo ukipona mtu anakuwa mkarimu, angalieni Severino. Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Wiki iliyofuata alileta bamia ambazo sikuzielewa. Zilikuwa kavu, ndefu, zimekomaa mpaka zimekuwa za kahawia, ukizitikisa zinalia kama njuga za mtoto.

"Mzee, hizi ni kuni," nikamwambia. "Nani atatafuna hii? Unataka madereva wang'oke meno?"

"Ndizo zilizobaki shambani."

"Basi subiri zizae nyingine."

"Hapana nyingine," akasema.

Mimi ni binti wa duka. Baba yangu aliuza sabuni na chumvi Masaka. Sikuwahi kushika jembe kwa hiari. Sikujua kwamba bamia za namna ile huachwa kwenye mti makusudi, hukaushwa kwa ajili ya mbegu, na kwamba mkulima anaweza kulala njaa na mbegu zikiwa juu ya paa. Nikazitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikalisukuma nyuma ya rafu, nikasahau. Hakuna mkulima aliyepita pale siku ile wa kunizaba kofi.

Halafu ikaja Jumatano ya wiki ya sita. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapiga mabati mpaka yanalia tik, tik. Mzee hakuja na mboga. Alikuja na mikono mitupu, amevaa shati lake jeupe la kanisani, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Leo kuna msiba wapi?" nikamuuliza.

Akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza pale pale ilipochaguliwa. "Mama Fred, hii ikae kwako."

"Ikae kwangu nifanye nayo nini? Na Janet alisema uandike kila siku."

"Nimemaliza kuandika." Akasimama kidogo. "Ulinipikia vizuri. Miaka yote."

Akaondoka. Nilimwona akipita kwenye mwanga, shati likimeta, kivuli chake kifupi chini ya miguu kama kitu alichokidondosha. Nikasema moyoni, wazee nao wana vituko. Nikaendelea kumenya vitunguu. Nilimenya vinne. Cha tano mkono ukasimama peke yake, na si kwa sababu ya machozi ya vitunguu. Neno ulinipikia. Hakusema unanipikia.

Nikafuta mikono, nikafungua simu. Kalenda ikatokea, wiki sita. Nikahesabu kwa kidole kama nilivyofundishwa darasa la kwanza. Majua thelathini na saba. Mawingu mawili. Mvua tatu. Nikajiambia, Namutebi, acha woga, mtu mwenye majua thelathini na saba ana shida gani?

Kisha nikaangalia mvua. Ya kwanza ilikuwa Jumapili. Nikakumbuka, ndiyo siku kwaya yao iliimba kwa Kikuku na akaja kwangu jioni akiwa bado anauimba ule wimbo chini chini. Ya pili ilikuwa siku Ojok alipombatizisha mtoto wake na mzee akapewa kumshika. Ya tatu ilikuwa tarehe kumi na nne ya Februari. Hiyo siwezi kuisahau. Nilivaa gauni jekundu, jekundu la kupiga kelele, na mzee alipoingia alinitazama akasema, "Mama Fred, leo umeiva, tutakuchuma." Akacheka mpaka akashika meza. Mara ya kwanza tangu Oktoba kusikia kicheko kile.

Na siku ile ameandika mvua.

Nikakaa chini kwenye benchi. Niliona viganja vyake vimeinuka kwenye matope. Nikasikia: watu wanalala na tumbo la amani. Kisha nikasikia lile lingine: walikaa juani siku mbili. La hapa, Mama Fred. Kali. Siku thelathini na saba mtu huyu amekuja mezani kwangu akaniambia ndani yake kuna lile lile jua la barabarani, na mimi nikamjibu Mungu ni mwema. Akawaambia wenye ofisi, kila Ijumaa. Nao wakaja wakampigia makofi.

Nilipiga kelele ambayo hata mimi sikuijua. Ojok akainuka na kikombe mkononi.

"Washa pikipiki!"

"Mama, nini?"

"Washa kwanza, utauliza mbele!"

Niliacha jiko likiwaka na hoteli wazi, mimi Namutebi, ambaye hata mazishini huwa naenda na funguo kiunoni. Njiani nikampigia Janet, upepo ukila nusu ya maneno: "Umesoma kichwa chini! Jua ndilo baya! Jua ndilo baya!" Akasema, "Nini, Mama Fred?" Nikarudia mara ya tatu, akaelewa. Akasema anakuja.

Shamba lilikuwa limefagiliwa. Matuta yote yamesawazishwa, hakuna jani, hakuna mti hata mmoja wa bamia. Madumu mawili yamelazwa yamegusana, midomo chini. Jembe limeoshwa, limeegemezwa ukutani. Nyumba yake ni ya mabati, chumba kimoja, na saa ile ya mchana hakuna binadamu wa Juba anayekaa ndani ya mabati. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mzee Severino!"

Bati lilinichoma kiganja nilipoligonga. Alama ninayo bado.

"Mzee, mimi ni Mama Fred! Fungua, nimekuja kukutukana!"

Ojok hakusubiri. Alipiga teke la kwanza, la pili, komeo likaruka, na joto likatupiga usoni kama tumefungua tanuri la mikate.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, shati bado limefungwa mpaka shingoni, limeloa jasho lote. Macho yalikuwa wazi. Kwa muda ambao sitaki kuupima sikujua kama yanaona. Kisha yakasogea.

"Nani amewaita?" akauliza. Sauti ilikuwa kavu kama zile bamia.

Ojok akambeba nje, akamweka kivulini, akachota maji mtoni kwa dumu, akammwagia kichwani na mgongoni. Mimi nilipiga magoti kwenye lile tuta lililosawazishwa.

"Nilisoma kinyume, mzee. Sisi tuliona jua tukasema ni furaha. Huko walikotengeneza simu, jua ni furaha."

Maji yalikuwa yanadondoka kidevuni.

"Ni watu gani hao?" akauliza mwishowe. "Wanaishi wapi, watu wanaofurahia jua?"

"Sijui, mzee. Mbali. Penye baridi."

"Niliandika kila siku," akasema. "Nikasema, wanaona. Nikasema labda kesho watakuja. Wakaja, wakapiga makofi." Akafunga macho. "Nikajua wameona, na hivyo ndivyo wanavyotaka."

Janet alitukuta bado tuko pale. Alisikiliza habari yote amesimama, kisha akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya ofisi, akamshika mzee mkono, na kwa mara ya kwanza hakukimbia kuongea. Jioni ile walimpeleka kwa daktari, akalala huko wiki mbili. Watu wengine wote walioichagua ile programu ya mvua na jua, Janet aliwazungukia mmoja mmoja kuwauliza kwa mdomo. Aliowakuta wako kama mzee walikuwa wawili. Wa tatu alikuta amehama, na majirani hawakujua kaenda wapi. Bado anatafutwa.

Janet alitaka kumpa programu nyingine, nzuri zaidi, iliyorekebishwa. Nikamwambia aiweke mkobani. Mzee ana hoteli. Kila siku saa tatu asubuhi anakuja, anaketi, mimi naacha sufuria, hata iungue, nakaa mbele yake na kumuuliza: "Leo nini?" Ananijibu kwa mdomo, na mimi simkatizi. Ni kazi ngumu kuliko kupika, kutomkatiza mtu.

"Jua," anasema.

"Kali?"

"Kali."

"Basi leo unashinda hapa. Menya viazi."

Anamenya. Siku nyingine anasema wingu, na siku hiyo namwacha aende shambani, ila Ojok anapita na pikipiki mara mbili, akijifanya amekosea njia. Mzee anajua. Anampungia mkono. Mvua bado hajasema hata siku moja. Akichelewa mpaka saa tatu na nusu, mimi tayari nina viatu miguuni.

Jana nilikuwa natafuta chumvi nyuma ya rafu, nikakuta lile kopo la maziwa. Nikalitikisa, likalia. Nikaliweka mezani mbele yake.

"Kuni zako," nikasema. "Zimepona kwa kuwa mimi ni mvivu wa kuzipika."

Alilifungua. Akazichambua zile bamia polepole, akapasua moja kwa ukucha, mbegu zikamwagikia kiganjani, nyeusi, za mviringo. Nje mawingu ya kwanza ya Aprili yalikuwa yamesimama upande wa kusini, upande wa kwao, hayaji wala hayaondoki.

"Mvua haijafika," akasema.

"Haijafika."

Akafikiri kama alivyokuwa anafikiri juu ya ile simu. Kisha akagawa mbegu kwa ukingo wa mkono. Nusu akafunga kwenye kitambaa, akatia mfukoni. Nusu akairudisha kwenye kopo, akalifunika, akanisukumia.

"Hii ikae kwako."

Maneno yale yale. Nilimwangalia usoni nione ni yapi, ya mtu anayeweka akiba au ya mtu anayeacha mirathi, nikashindwa kusoma. Nikamuuliza. Siku hizi nauliza.

"Niulize kesho," akasema.

Kopo liko kichwani pa kitanda changu. Sasa ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na benchi lake bado tupu.